Mto wa Kukalia

"Taarifa ya habari," alisema Fundi, uso wake umezama kwenye godoro. "Mtangazaji, tunakusikiliza."

Mkewe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mikono imeoshwa kwa sabuni mpaka viwikoni, anavuta bandeji iliyolowa kutoka ndani ya kidonda. Alivuta kidogo, bandeji ikagoma, akaimwagia maji ya chumvi, akasubiri, akavuta tena. Ukifanya pupa kwenye kazi hii unang'oa nyama changa pamoja na kitambaa, na nyama ile ameilea kwa miezi.

"Habari za asubuhi hii ni nzuri," akasema mwishowe. "Chini ni pekundu, panang'aa. Usaha hakuna. Harufu hakuna. Kinaingia ncha ya kidole tu, na zamani kilikuwa kinameza kidole kizima."

"Upana?"

"Kizibo cha soda."

"Juzi kilikuwa kifuniko cha dumu."

"Juzi si leo. Tulia, usitikise mabega."

Fundi akacheka kwenye shuka. Kidonda chake yeye mwenyewe hajawahi kukiona. Kiko chini ya tako la kulia, pale mtu anapokalia mfupa, na tangu alipoporomoka kutoka kwenye paa la watu akifunga antena, hana taarifa ya chochote kilicho chini ya kitovu. Choma, kata, mwagia maji ya moto, yeye anaendelea na soga zake. Kwa kuwa ni fundi redio, na kwa kuwa kulia walishalia wakachoka, kila asubuhi mkewe anamsomea habari za huko asikokujua. Walikubaliana jambo moja: kwenye taarifa ya habari hakuna uongo. Nje ya hapo mtu amdanganye mwenzake apendavyo, ndoa ni ndoa.

Kidonda kililetwa na kiti, jamani, hilo lisisahaulike. Mwaka uliopita ofisi ya vifaa vya walemavu ilimpa Fundi kiti cha magurudumu, kipya, kinanukia rangi, bila mto. Pa kukalia ni turubai lililotandazwa juu ya vyuma. Walipouliza, waliambiwa mito itafuata. Fundi, kwa raha ya kutoka kitandani, akakaa kwenye turubai lile kutwa kucha mbele ya meza yake, redio za watu zimefunguliwa matumbo, hata chai anainywea hapohapo. Siku mkewe alipoona doa jeusi linalong'aa chini ya tako, majirani wakamwambia asugue mafuta kwa nguvu ili damu itembee. Akasugua. Mwanamke yule ana mikono ya dobi, anafua mashuka ya nyumba ya wageni siku nzima, akisugua kitu kinasuguliwa. Doa likafunguka, na chini yake kumbe kulikuwa na shimo.

Muuguzi wa zahanati alipokuja kuliona hakumpa pole. Ni mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa kurudia neno.

"Ulikuwa unasugua nyama iliyokwisha kufa," alimwambia. "Kidonda hiki hakianzii juu. Mfupa na kiti vinaibana nyama katikati, damu haipiti, nyama inakufa hukohuko ndani. Ngozi ndiyo ya mwisho kupata habari. Na kupona nako kunaanzia chini. Mdomo ukifunga kabla chini hakujajaa, umefungia usaha ndani, na utanililia hapa."

Akamfundisha kuweka bandeji yenye unyevu bila kushindilia. Akamfundisha kumgeuza mgonjwa ubavu huu na ubavu ule, mchana na usiku, na kumlisha mayai na maharage kwa sababu nyama haijengwi kwa uji mtupu. Akamfundisha pia kuisoma ngozi. "Ngozi yetu nyeusi haisemi haraka," alisema. "Usikae ukitafuta wekundu. Weka mgongo wa mkono. Sikiliza joto. Sikiliza ugumu, au ulaini kama wa embe lililoanza kuharibika." Mke akayashika yote. Mashuka yaliyochakaa kazini akaomba, akayachemsha, akayachana yawe bandeji. Akaulea ule wekundu kama mtu anavyolea mche, na sasa umebaki upana wa kizibo cha soda.

Na jana yake simu ikaja kutoka ile ofisi ya vifaa: mito imefika.

Furaha iliyoingia humo ndani ilikuwa na mwiba. Muuguzi alishasema kwamba bila mto wa maana Fundi asahau kukaa, hata kidonda kikifunga, kitarudi palepale. Kwa hiyo mto ule ndio meza, ndio redio zilizofunikwa kitambaa kwenye rafu, ndio Fundi kuwa tena mtu anayegongewa mlango na wateja. Lakini ili aupate, ilibidi aende mwenyewe. Mkewe alimbembeleza yule mama wa kwenye simu.

"Nije mimi nimchukulie, mama yangu. Ana kidonda pabaya, hatakiwi kukaa."

"Mlengwa aje mwenyewe, aonekane amekaa. Mwaka juzi walikuja watu wazima na miguu yao, wakachukua mito, tukaikuta kwenye viti vya magari."

"Atakaa muda gani?"

"Dakika tu. Anaitwa, anapewa, anaondoka."

Alimkimbilia muuguzi. Muuguzi alikunja uso. "Nusu saa, basi," akasema. "Tena awe anajiinua kwa mikono, makalio yaache kiti, damu ipite. Zaidi ya hapo, mlaze ubavu popote mlipo, hata barabarani."

Fundi akapata ufumbuzi wa kifundi. Ana redio ndogo ya mfukoni, ameitengeneza mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya redio tatu. "Kila wimbo ukiisha, najiinua," alisema. "Mtu mzima sishindwi na nyimbo."

Mlango ukagongwa kabla bandeji mpya haijakaa sawa.

"Hodi wenyewe! Mgonjwa ameamka au nimbebe na kitanda?"

Huyo ni mdogo wake Fundi, fundi wa pancha, kifua kipana, mikono haitakati hata aioshe kwa mchanga. Bila yeye hakuna safari: ndiye anayembeba Fundi mgongoni mpaka nje, ndiye anayesukuma kiti kwenye mashimo ya mtaa. Akaingia, akamsalimu kaka yake, akamtania mkewe.

"Shemeji, umekonda. Anayeugua ni huyu, unayekonda ni wewe. Mmegawana?"

"Nimekukondea wewe, shemeji. Nilijua hutakuja."

"Mimi nisije siku ya mto?" Akakitazama kiti. Uso ukabadilika. "Mpira uko wapi?"

Hapo mke akaona aibu mpaka masikioni. Shemeji yake aliposikia habari za kidonda alikata mpira wa ndani wa tairi dogo, akaunganisha, akautia upepo, akauvalisha kitambaa cha shati lake jipya, shati la kutokea. Duara lenye tundu katikati. Kidonda kikae kwenye tundu, kisiguswe na kitu. Akili ya kawaida kabisa, mtu yeyote angesema hivyo. Muuguzi alipouona aliusukuma kwa mguu. "Tupa hii. Ukingo unakaba damu pande zote, katikati nyama inaning'inia haina chakula. Mnakinyonga hicho kidonda." Mke hakuutupa. Aliuficha uvunguni, na kila shemeji alipouliza alimwambia mpira ni mzuri sana, Mungu akubariki.

"Upo, shemeji," akasema sasa. Akainama uvunguni, akautoa, akaupangusa vumbi haraka kwa kiganja.

Fundi, aliyekuwa ameshalazwa chali avalishwe suruali, akamtazama. "Yule muuguzi si alisema..."

"Ni wa njiani tu," mkewe akamkatiza kwa sauti ya chini. "Tukifika tunautoa."

Shemeji alikuwa akiubonyeza mpira wake kwa vidole viwili, anatabasamu. Upepo ulikuwa bado umo wote.

Ukumbi ulikuwa na paa la bati na feni moja isiyozunguka. Viti vya magurudumu vilipangwa mistari, vile vya mbele vimefungwa utepe. Juu ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe ilirundikwa mito, mmoja juu ya mwingine, yote ndani ya nailoni, mirefu kwenda juu mpaka mtu aliyeketi lazima ainue shingo akione kilele. Mke wa Fundi aliihesabu kwa macho, akaona iko ya kutosha, akashusha pumzi.

Mwanamke mwenye kipaza sauti alikuwa akitembea huku na huku. Ukumbi mdogo, watu wote wanamwona, kipaza sauti hakishuki mdomoni hata anapoongea na mtu aliye mbele yake. Fundi alimpa jina hapohapo: Bi Kipaza.

"Wewe wa shati la bluu, mbele," Bi Kipaza alisema. "Una uso mzuri. Una tabasamu."

"Uso mzuri utaniua," Fundi akamnong'oneza mkewe wakati mdogo wake akisukuma kiti mstari wa mbele.

Mke hakusahau. Alimwambia shemeji amnyanyue kaka yake kidogo, autoe mpira. Shemeji akamnyanyua kwa makwapa, mke akauvuta mpira, na wote wawili wakatazama chini: turubai limebonyea mwaka mzima, na chini yake chuma kimejichora kama mbavu.

"Shemeji, unamtoa kwenye mpira umkalishe kwenye chuma?"

"Muuguzi..." mke akaanza.

"Muuguzi hakai kwenye kiti hiki!" Sauti ilikuwa ya juu. Walemavu wa jirani wakageuka. Mzee mmoja akasema kweli kabisa, mama, muache na mpira wake, sisi wenzake tunautamani. "Nimeshona kwa mikono yangu," shemeji akaendelea, sasa kwa unyonge, bado amemshikilia kaka yake hewani, mishipa ya shingo imesimama. "Kama haufai, sema tu, shemeji. Sema nijue."

Angesema. Muda wa kusema ulikuwa ndio huo. Lakini aliona shati la kutokea likiwa limekunjamana kuzunguka duara lile, akafikiri nusu saa ni nusu saa tu, akaurudisha mpira mahali pake. Fundi akaketishwa, akawasha redio yake, akaiweka mfukoni.

Wimbo wa kwanza ulipoisha akashika mikono ya kiti, akajiinua, makalio yakaacha mpira, akakaa hewani anatetemeka, akashuka. Wimbo wa pili hivyohivyo. Alikuwa anafanya na mbwembwe, anamkonyeza mkewe, jirani zake wakaanza kumwiga, mstari mzima wa mbele ukawa unapanda na kushuka kila wimbo ukiisha. Kwa mara ya kwanza siku ile mke wa Fundi alicheka.

"Jamani!" Kipaza sauti kililia. "Nani ana redio? Inaingiliana na vyombo vyetu. Zima."

"Dada, hii ndiyo saa yangu," Fundi akasema. "Inaniambia..."

"Zima, baba. Mgeni rasmi yuko njiani."

Akazima. Bila nyimbo, mtu asiyesikia kiti chake anajuaje muda umepita? Alijiinua pale alipokumbuka. Kisha wakaanza kufundishwa kupiga makofi, mara mbili polepole na tatu kwa haraka, mikono ikawa kwenye makofi.

Nusu saa ilipita. Ikapita nyingine. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Jua likahama kutoka dirisha la kulia likaja la kushoto, na mgeni rasmi bado alikuwa njiani. Mke wa Fundi aliacha kutazama mlango akawa anatazama ile mito. Iko pale, hatua chache, upole wote ule ndani ya nailoni, na watu iliyoletwa kwa ajili yao wamekalia vyuma wanaitazama. Ukatili mwingine, Mungu wangu, unahitaji mpango. Huu haukuwa na mpango wowote, ni kitambaa cheupe tu na subira ya watu.

Akainuka, akamfuata Bi Kipaza.

"Dada, samahani. Mume wangu ana kidonda cha kukaa. Naomba mto mmoja akalie sasa. Mgeni akifika tunaurudisha mezani, anapewa upya."

Bi Kipaza alimtazama kana kwamba ameomba kuvua nguo. "Mama, mto ukishakaliwa si mpya tena. Mgeni atakabidhi kitu kimetumika?"

"Basi nimlaze pale nyuma. Nina shuka langu, nitatandika mwenyewe. Akiitwa nitamkalisha."

"Aliyelala hahitaji mto wa kukalia. Anahitaji godoro, na magodoro hatuna." Hakuwa anatania. "Nikimuona amelala, nafasi yake nampa mwingine. Nje pale kuna wanaosubiri."

"Kidonda kitaharibika!"

"Analia? Anaumwa?"

"Haumwi. Hasikii kitu. Ndiyo shida yenyewe."

"Kama haumwi, mama, avumilie kidogo. Kuna wanaoumwa hapa na wametulia." Akageukia kipaza sauti chake. "Makofi! Tunarudia!"

Akarudi kwa mumewe machozi ya hasira yamemjaa. "Twende nyumbani," akasema. "Fundi, twende. Mto ubaki."

Fundi hakucheka sasa. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Mikono yake, iliyokuwa ikiinua mwili mzima tangu asubuhi, ilikuwa imelegea mapajani. Alitazama rundo la mito, akatazama mlango.

"Tumeshakaa," akasema. "Tukiondoka sasa tumekaa bure."

"Sitaki..."

"Ukiniondoa bila mto, nitakaa wapi? Kidonda kitafunga, halafu? Nitalala kifudifudi mpaka nizeeke, wewe unanisomea habari?" Akamshika mkono. "Vumilia na mimi. Niinueni kidogo tu."

Wakamwinua. Mke bega moja, shemeji bega jingine, wakamshikilia hewani mpaka Bi Kipaza alipowaambia wanaziba kamera. Wakamshusha. Walifanya hivyo tena na tena mpaka mgongo wa mke ukakataa, na kila waliposhusha walimshusha kwenye duara lilelile.

Mgeni rasmi aliingia jua limeanza kupoa, na watu wengi nyuma yake, na harufu ya manukato. Makofi yakapigwa mawili polepole na matatu haraka. Aliomba radhi kwa kuchelewa, shughuli ni nyingi, kisha akahutubia. Alizungumza juu ya heshima. Alisema mtu hata akiwa na ulemavu anastahili kukaa kama binadamu. Alipenda sentensi hiyo, akairudia. Mke wa Fundi alisimama nyuma ya kiti akiwa amepitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe, anamvuta juu kidogokidogo ili hata uzito wa mkate upungue, na hotuba haikuisha.

Fundi akaitwa wa kwanza, kwa sababu ya uso. Mgeni akachukua mto kutoka kwenye rundo, akauweka mapajani mwake, akamshika bega.

"Unajisikiaje leo?"

"Mheshimiwa, mimi sijisikii," Fundi akasema. "Ndiyo maana naomba mto uende chini, usikae juu."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni naye akacheka, akampiga bega, akasema huyu ana moyo. Picha ikapigwa. Mpiga picha akaomba nyingine, mto uinuliwe zaidi, tabasamu, baba, hapohapo. Fundi akauinua kwa mikono yake iliyochoka na akatabasamu.

Walipokuwa wanatoka, shemeji aliufungua mto mlangoni, akaugeuza, akakuta valvu. Haukuwa na upepo.

"Dada," akamwita Bi Kipaza, "huu wa kujaza. Pampu yake?"

"Pampu zitafuata," Bi Kipaza akajibu. Akamgeukia mke. "Na mama, tutapita majumbani kukagua. Tukikuta mto umewekwa kabatini hautumiki, tunachukua tunampa mwenye shida. Tumeelewana?"

Shemeji akacheka mpaka akashika tumbo. "Pampu zifuate nini? Upepo si ndiyo kazi yangu! Twendeni."

Walipofika nyumbani walimbeba Fundi ndani, wakamlaza kifudifudi. Nje, shemeji alikaa kwenye kizingiti na kiti na mto na pampu yake ya baiskeli, anapiga mluzi. Mke alichemsha maji, akatia chumvi, akayapooza. Akanawa mikono mpaka viwikoni. Akamvua mumewe suruali.

Aliiona kabla hajagusa. Kuzunguka bandeji palikuwa na duara, kubwa, kamili, limekatwa kana kwamba mtu alichora kwa kutumia sahani. Ngozi ndani yake ilikuwa nyeusi kuliko weusi wake, inang'aa, imevimba. Akaweka mgongo wa mkono. Moto. Akabonyeza kwa kidole, taratibu. Nyama ikabonyea na haikurudi. Aliyakumbuka maneno ya muuguzi kuhusu embe, akatamani asingeambiwa. Akavuta bandeji. Chini hapakuwa pekundu. Palikuwa na rangi ya ini lililolala nje, na ukingoni damu nzito ikachuruzika yenyewe. Na hiyo ni ngozi, ya mwisho kupata habari. Yaliyotokea chini huko kwenye mfupa yatakuja kuonekana siku zijazo, moja baada ya nyingine, na yeye ndiye atakayeyafungua kila asubuhi.

Alikaa chini sakafuni. Alimchukia Bi Kipaza, alimchukia mgeni na manukato yake, kisha akajichukia yeye, kwa ajili ya shati moja la kutokea.

"Mtangazaji," Fundi akasema kwenye godoro. "Mbona kimya? Umeme umekatika?"

Kutoka nje shemeji akapaza sauti: "Shemeji! Angalau ule mpira wangu umemsaidia leo, eh? Bila ule kiti kile kingemmaliza mtu wake!"

Mke alifumba macho.

"Umesaidia, shemeji!" akajibu kwa sauti. "Mungu akubariki!"

Hiyo haikuwa taarifa ya habari, kwa hiyo uongo uliruhusiwa. Fundi aliisikia sauti yake, na mtu anayetengeneza redio anajua chombo kilichopasuka. Mkono wake ukashuka kutoka kitandani ukamtafuta, ukapata kichwa chake.

"Sema," akasema. "Tulikubaliana."

Akasema. Alimwambia rangi, akamwambia joto, akamwambia duara na ukubwa wake, akamwambia ni mpira na kwamba yeye ndiye aliyeurudisha. Hakupunguza kitu.

"Kizibo cha soda?" Fundi akauliza.

"Sahani," akasema. "Itakuwa sahani."

Fundi aligeuzia uso ukutani. Mabega yakatikisika, na safari hii hakucheka. "Usimwambie mdogo wangu," akasema.

"Simwambii."

Shemeji akaingia akisukuma kiti kwa kishindo, mto umekaa juu yake, umejaa, umenyooka, mzuri kuliko kitu chochote ndani ya chumba kile. "Haya! Upepo kiasi chake, si kama wa tairi, msinione mjinga. Mleteni ajaribu!" Akamtazama kaka yake aliyelala, akamtazama shemeji yake sakafuni. "Vipi? Amechoka?"

"Amechoka," mke akasema. "Acha kiti hapo, shemeji. Asante sana. Nenda ukapumzike."

Alipoondoka, mke aliinuka, akamgeuza mumewe ubavu wa kushoto, akamwekea nguo zilizokunjwa katikati ya magoti. Kazi ilikuwa ndefu na chumba ni kidogo. Kitanda kimejaa mtu, stuli ina bandeji, sakafuni maji yangepigwa teke. Akakisogeza kiti karibu. Akachukua karai la maji ya chumvi, akaliweka juu ya mto. Mto ukabonyea sawasawa, pole kwa pole, ukalibeba karai bila tone kumwagika, kama ulivyotengenezwa kufanya.

"Umeweka nini hapo?" Fundi akauliza, amesikia mto ukilia.

"Karai." Akachovya kitambaa, akakikamua. "Wakija kukagua, watakuta unatumika."